Divai Njema ya Watu Wadogo: Safari katika Vilima vya Barbaresco

Siku moja ukiingia katika duka la divai mjini Torino, katika nchi ya Italia, utaziona chupa zimesimama safu kwa safu kama askari siku ya sikukuu. Moja imeandikwa jina Barolo. Bei yake ni euro 50, pengine 100, na zipo zinazopita hapo mbali sana. Karibu nayo imesimama chupa nyingine, iliyoandikwa Langhe Nebbiolo. Zabibu zake ni za aina ile ile. Zilikomaa katika vilima vya nchi ile ile, chini ya jua lile lile. Lakini bei yake ni nusu ya ile ya kwanza, na mara nyingi haifikii nusu.

Hapo mtu mwenye akili husimama na kujiuliza: Je, yule anayedai bei kubwa anatunyang'anya? Ama huyu wa bei ndogo anatudanganya?

Swali hili halihusu divai tu. Kila mama wa nyumba analijua, maana hulikuta sokoni mbele ya vitambaa, mbele ya mafuta, mbele ya sabuni. Bei kubwa hututisha, na bei ndogo hututia mashaka. Basi leo tusafiri pamoja mpaka katika vilima vinavyozaa divai hizo, tuone fedha ya mnunuzi inakwenda wapi. Wanafunzi wafungue ramani ya Ulaya. Wazee wakae kitini na kusikiliza.

Chini ya milima

Upande wa kaskazini-magharibi wa Italia kuna jimbo linaloitwa Piemonte. Maana ya jina hilo ni "chini ya mlima", na jina hilo halisemi uwongo. Upande wa magharibi na wa kaskazini milima ya Alpi imesimama kama ukuta, na theluji juu yake. Mlima Monviso, wenye kimo cha meta 3,841, huonekana toka mbali, umechongoka kuliko wenzake. Mto Po huzaliwa chini ya mlima huo, hupita Torino, kisha huikata Italia yote ya kaskazini mpaka bahari ya Adriatiko.

Tukitoka Torino kwenda kusini, kilometa 60 hivi, twafika Alba, mji wa kale kando ya mto Tanaro. Hapo nchi tambarare inakwisha, na vilima vinaanza, kimoja nyuma ya kingine, kama mawimbi ya ziwa siku ya upepo. Nchi hiyo ya vilima huitwa Langhe. Juu ya vilima kuna vijiji, kila kimoja na mnara wa kanisa lake. Chini ya vijiji mizabibu hufuata mteremko kwa mistari iliyonyoka, kana kwamba mtu amekipitishia kilima kitana. Mwaka 2014 UNESCO iliviandika vilima vya Langhe, Roero na Monferrato katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa hiyo si ya udongo peke yake. Ni ya mikono ya wakulima, iliyoulima mteremko ule karne nyingi hata ukapata sura yake ya leo.

Mzabibu mkuu wa huko huitwa Nebbiolo. Wengi husema kwamba jina lake linatoka katika neno nebbia, maana yake ukungu; kwa kuwa wakati wa mavuno, katika mwezi wa Oktoba, ukungu mzito huyajaza mabonde asubuhi, na vijiji huonekana juu yake kama visiwa.

Nebbiolo ni mti mteuzi. Huchipuka mapema, hata baridi ya ghafula yaweza kuyaunguza machipukizi yake. Tena zabibu zake huiva mwisho, baada ya zile za mizabibu mingine kuvunwa. Hautaki bonde, wala upande wa kivuli. Wakulima wa zamani walikuwa na kipimo chao: majira ya baridi yalipokwisha walikitazama kilima, na mahali theluji ilipoyeyuka kwanza, hapo ndipo walipoupanda. Mteremko wa namna hiyo, unaolielekea jua, wanauita sorì kwa lugha yao. Sehemu nyingine waliziacha kwa mizabibu ya Barbera na Dolcetto, isiyochagua sana.

Divai ya Nebbiolo si nyeusi wala nzito kwa macho. Wekundu wake ni mwepesi, mwanga hupita ndani yake. Ukiinusa wakumbuka maua ya waridi, na nyuma yake kitu kama lami. Lakini ukiionja ingali changa, ulimi hukakamaa, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Ukakasi huo hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Ndio unaoilinda divai isiharibike miaka mingi. Na kwa ajili yake divai hiyo hudai kungojewa.

Divai ya mabwana

Kilometa 15 hivi kusini-magharibi ya Alba ndipo kilipo kijiji cha Barolo. Nyumba zake ni chache, na katikati yake kuna ngome kubwa ya ukoo wa Falletti. Mtu wa mwisho wa ukoo huo kuwa na ngome hiyo alikuwa mjane, Marchesa Giulia Falletti, mwanamke mzaliwa wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1864. Yeye ni mmoja wa wale waliosaidia kuipa divai ya Barolo sifa yake katika nyumba za wakubwa wa Torino.

Kwa wasomaji wetu jina lake lina jambo jingine. Marchesa huyo hakuwa na mtoto; mali yake aliitumia kuwasaidia wanawake wafungwa na wasichana maskini wa Torino. Katika nyumba zake za huruma alipata kazi, mwaka 1844, padri kijana aliyeitwa Yoane Bosko, na hapo ndipo padri huyo alipowakusanya vijana wake wa barabarani kwa muda, kabla ya kupata mahali pake mwenyewe. Wana wa Don Bosco walifika Katanga mwaka 1911, na mpaka leo wazee wengi wa Lubumbashi hukumbuka shule zao. Hivyo vilima hivi si vigeni kwetu kama tulivyodhani.

Turudi kwenye chupa. Sheria ya Italia imeizungushia Barolo ukuta wa amri. Huweza kutoka katika vijiji 11 tu. Zabibu ziwe Nebbiolo tupu. Hektari moja isitoe zaidi ya tani 8 za zabibu. Mkulima akiona mti umezaa mno, hukata vichala vingine na kuvitupa chini. Divai haiuzwi mpaka imekaa miezi 38, na miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mti. Kisha ikaguliwe na kuonjwa. Amri za serikali zilitoka mwaka 1966, na mwaka 1980 Barolo ikapewa cheo cha juu kinachoitwa kwa herufi nne, DOCG, maana yake divai ambayo serikali inathibitisha mahali ilipotoka.

Sasa twaweza kuihesabu bei. Sehemu ya kwanza ya fedha hulipa muda: kwa miaka mitatu na zaidi mkulima ana divai lakini hana fedha, naye anahitaji mapipa, ghala na watu wa kulinda. Sehemu ya pili hulipa ardhi: leo hektari moja ya mahali pazuri pa Barolo huuzwa kwa zaidi ya euro milioni 1. Sehemu ya tatu hulipa jina. Matajiri wa Marekani, wa Ujerumani na wa Asia huitafuta Barolo, nao ni wengi kuliko chupa zilizopo.

Sehemu ya kwanza huingia ndani ya chupa, na mnywaji huionja. Sehemu ya pili huingia nusu. Lakini ya tatu haina ladha. Mtu aweza kuinunua, hawezi kuinywa.

Zabibu haziwezi kungoja

Mtu anayeviona vilima hivi leo, na hoteli zake na magari ya wageni, hawezi kuamini kwamba zamani palikuwa nchi ya njaa. Mwandishi Beppe Fenoglio, mwenyeji wa Alba, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho La malora, kinachosimulia habari za kijana wa Langhe aliyetolewa na wazazi wake kwenda kutumika kwa mkulima mwingine, kwa kuwa nyumbani chakula hakikutosha. Watu walikisoma wakayatambua maisha yao wenyewe.

Shida ya mkulima mdogo ilikuwa hii. Alikuwa na hektari moja au mbili za mizabibu, lakini hakuwa na ghala, wala mapipa, wala fedha ya kungoja miaka mitatu. Basi alivuna, akapakia zabibu katika mkokoteni, akashuka nazo sokoni Alba. Hapo wafanyabiashara walimngoja. Walijua kama yeye alivyojua: zabibu haziwezi kungoja. Zikilala siku mbili juani zinaharibika. Asubuhi mkulima alitaja bei yake. Saa sita akaipunguza. Jioni alichukua alichopewa. Mwaka wa mavuno mabaya alikuwa hana kitu; mwaka wa mavuno mengi bei ilianguka, naye akawa hana kitu vilevile. Vijana wakaona hivyo, wakaviacha vilima, wakaenda Torino kutengeneza magari.

Sisi tulio watoto wa wakulima hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kila anayelima kitu kinachooza upesi anaijua jioni ile.

Ngome ya kwanza

Sasa tuvuke upande wa pili wa Alba. Mashariki ya mji, juu ya ukingo wa mto Tanaro, kuna kijiji cha Barbaresco, chenye wakaaji mia chache tu na mnara wa kale unaoonekana toka mbali. Nebbiolo hukua huko vizuri kama kule Barolo. Lakini zamani hakuna aliyelijua jina la kijiji. Zabibu zake ziliuzwa kwenda kutengeneza Barolo, na sifa ikaenda kwa jirani.

Mtu wa kwanza aliyeukasirikia uonevu huo alikuwa mwalimu. Jina lake Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya ufalme ya elimu ya divai mjini Alba, naye alikaa Barbaresco. Mwaka 1894 aliwakusanya wenye mashamba tisa, wakatengeneza divai yao pamoja katika ngome ya kijiji, iliyokuwa mali yake, na juu yake wakaandika jina la Barbaresco. Jambo lilifanikiwa. Lakini katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Wafashisti, amri zao za uchumi ziliifunga nyumba hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 wakulima wa Barbaresco wakarudi kushuka sokoni na mikokoteni yao.

Paroko na wakulima 19

Mwaka 1958 paroko wa Barbaresco alitazama parokia yake ikipungua. Vijana walikuwa wanakwenda. Wazee walikuwa wanauza mashamba. Aliona kwamba mkulima mmoja mmoja hatashinda. Basi akawaita wenye mashamba madogo, wakaja 19, wakaanzisha chama cha ushirika, wakakiita Produttori del Barbaresco, maana yake watengenezaji wa Barbaresco.

Hawakuwa na nyumba ya kazi. Paroko akawafungulia chumba kilicho chini ya kanisa. Divai za miaka mitatu ya kwanza zilitengenezwa humo: juu watu walisali, na chini yao maji ya zabibu yalichachuka ndani ya mapipa. Baadaye chama kilijenga nyumba yake ng'ambo ya uwanja wa kijiji, mbele ya kanisa, na mpaka leo ipo pale pale.

Tuangalie namna wanavyofanya kazi, kwa sababu siri yao yote iko humo.

Kila mwanachama hubaki na shamba lake. Mwenyewe hupogoa, hulima, huvuna. Lakini Nebbiolo yake yote huileta kwa chama. Haruhusiwi kuwaletea wenzake zabibu mbaya na kujiwekea nzuri nyumbani. Zabibu zikifika, hazipimwi uzito tu. Hupimwa pia utamu na uzima wake, na anayeleta nzuri hulipwa zaidi. Kwa njia hiyo mvivu hawezi kujificha nyuma ya mwenye bidii. Vyama vingi vya ushirika duniani vilikufa kwa ajili ya kosa hilo moja: kumlipa kila mtu sawa, alete alicholeta. Chama cha Barbaresco kiliepuka kosa hilo.

Jambo la pili. Vilima vya Barbaresco havifanani. Kilima kinachoitwa Asili hutoa divai ya namna yake, Rabajà namna yake, Ovello namna yake. Tangu mwaka 1967 chama kilianza kutia divai ya baadhi ya vilima katika chupa za peke yake. Leo vilima hivyo ni tisa. Lakini mwaka usipokuwa mzuri wa kutosha, hawatengenezi chupa hizo za bei kubwa. Zabibu zote za vilima vile bora huchanganywa katika Barbaresco ya kawaida. Mnunuzi wa chupa ya kawaida hupata mwaka huo kitu ambacho mwaka mwingine kingemgharimu fedha nyingi.

Jambo la tatu. Hawatengenezi divai ya zabibu nyingine yoyote. Nebbiolo tu. Nayo huigawa: ile yenye nguvu ya kungoja hukaa katika mapipa makubwa na kuitwa Barbaresco, ambayo sheria huitaka ingoje miezi 26, mwaka mzima pungufu kuliko Barolo. Ile nyepesi, na ya mizabibu michanga, hutoka mapema na kuitwa Langhe Nebbiolo, jina lililowekwa na sheria mwaka 1994. Hiyo ndiyo chupa tuliyoiona dukani mwanzoni mwa safari yetu. Bei yake ni ndogo kwa sababu haikungoja sana, na kwa sababu jina lake halijulikani kwa matajiri. Lakini damu yake ni ile ile.

Wale 19 leo wamekuwa zaidi ya 50, na mizabibu yao yapita hektari 100. Waonjaji wa divai wa nchi nyingi huwahesabu kati ya watengenezaji bora wa Italia, nao bado huuza kwa bei ambayo majirani wengi wenye majina makubwa wameisahau zamani.

Urahisi unaoua

Lakini tusiseme upesi kwamba kila kilicho rahisi ni chema. Vilima hivi vina pia kumbukumbu ya kutisha.

Mwezi wa Machi 1986, katika mji wa Milano na mahali pengine pa Italia ya kaskazini, watu walianza kufa baada ya kunywa divai ya kila siku mezani. Walikuwa watu wa kawaida, walionunua chupa kubwa ya bei ndogo sana, iliyoitwa Barbera. Madaktari walikuta ndani yake metanoli. Hicho ni kileo kinachofanana na kile cha divai kwa harufu na kwa macho, lakini ndani ya mwili hugeuka sumu, huua macho kwanza, kisha mtu mwenyewe. Wafanyabiashara wadanganyifu walikuwa na divai dhaifu. Badala ya kuiuza kama ilivyo, waliitia metanoli ili kipimo cha kileo kipande. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine walibaki vipofu.

Aibu hiyo iliiangukia Italia yote. Nchi za nje zilirudisha divai yake, na wakulima waaminifu walilia pamoja na wadanganyifu. Hapo wengi walielewa kwamba bei inaposhuka chini ya gharama ya kazi yenyewe, lazima kuna mtu anayelipa: pengine mkulima, pengine mnywaji. Mwaka 1992 sheria za divai zilitengenezwa upya. Leo shingoni mwa kila chupa yenye cheo cha DOCG hubandikwa utepe wa serikali wenye namba yake. Mnunuzi mwenye busara huutazama kabla ya kutoa fedha.

Kanisa nalo tangu kale linadai kwamba divai ya Misa itoke katika zabibu tupu, wala isiwe imeharibika. Sharti hilo fupi lafaa hata kwa meza ya nyumbani: kilicho ndani ya chupa kiwe kile kilichoandikwa nje.

Jasho la nani?

Wala tusidhani kwamba bei kubwa ni ushuhuda wa haki. Mizabibu ya Langhe husimama juu ya mteremko mkali, ambapo mashine nyingi haziwezi kufika, mikono huhitajiwa. Vijana wa kienyeji hawatoshi, na kwa hiyo wengi wanaopogoa na kuvuna leo ni vibarua waliotoka mbali, kutoka Makedonia, kutoka Bulgaria, na ndugu zetu kutoka nchi za Afrika. Mwezi wa Julai 2024 polisi walifunua kwamba katika mashamba ya mizabibu ya nchi hiyo walikuwapo wasimamizi waliowatumikisha wageni kwa ujira duni, wakiwatisha na hata kuwapiga. Hayo hayakutokea katika nchi maskini. Yalitokea katika vilima ambavyo chupa moja yaweza kugharimu mshahara wa juma zima wa kibarua anayeilimia.

Hapo swali letu la mwanzo linabadilika. Tuliuliza: kwa nini chupa hii ni rahisi, na ile ni ghali? Afadhali tuulize: rahisi kwa sababu gani? Ghali kwa faida ya nani? Divai yaweza kuwa rahisi kwa sababu mtu ameibiwa ujira wake. Yaweza kuwa rahisi kwa sababu imetiwa sumu. Tena yaweza kuwa rahisi kwa sababu watu 50 wameunganisha mapipa yao, hawana mtu wa kati, wala hawatafuti fahari. Bei ni moja. Mioyo ni mitatu.

Mezani

Sasa yule atakayebahatika kuipata chupa hiyo aifanyie nini? Kwanza asiinywe peke yake. Nebbiolo ni divai ya chakula. Ukakasi wake, ambao huudhi ulimi mtupu, hutulia mara moja ukikutana na nyama na mafuta. Wenyeji hupenda kuinywa pamoja na nyama iliyopikwa polepole, au chapati zao ndogo za unga na mayai zilizojazwa nyama. Isinywewe ya moto. Joto la digrii 16 mpaka 18 latosha, na katika nchi zetu za joto hiyo ni kusema ikae kwanza mahali pa baridi. Tena ifunguliwe saa moja kabla ya kula, ipate hewa.

Kama hata Langhe Nebbiolo inapita kipimo cha mfuko, watu wa Piemonte wenyewe hawaoni haya kunywa Barbera. Ile Barbera ya haki, yenye jina la Asti au la Alba na jina la aliyeitengeneza, haina udugu wowote na sumu ya mwaka 1986. Ni nyeusi zaidi, ina uchachu unaoamsha njaa, ukakasi wake ni mdogo, na haihitaji kungojewa miaka. Wengi katika vilima hivi huweka Barolo kwa ajili ya wageni, na Barbera kwa ajili ya chakula cha kila siku.

Na divai yoyote, ghali au rahisi, glasi moja mezani pamoja na jamaa inatosha. Watoto na wanafunzi watangoja. Kwao leo yatosha kujua habari zake.

Mbele ya kanisa

Tumalize safari yetu katika uwanja wa Barbaresco, jioni ya siku ya mavuno. Matrekta madogo huja moja moja kutoka vilimani, yamebeba masanduku ya zabibu, na kusimama mbele ya nyumba ya chama. Mkulima hushuka. Zabibu zake hupimwa mbele ya macho yake. Hakuna mfanyabiashara anayeangalia jua likishuka ili apunguze bei. Mkulima hupokea hati yake, hugeuza trekta, hurudi nyumbani kulala.

Kwa nje jambo ni dogo hivyo. Lakini babu yake, akishuka Alba na mkokoteni, hakulala usiku kama huo. Na upande wa pili wa uwanja, chini ya kanisa, kipo bado chumba kile ambamo watu 19 walitia zabibu zao pamoja kwa mara ya kwanza, wasijue kama majirani watawacheka.

Tukirudi sasa katika duka letu la Torino, tutaziona tena zile chupa mbili. Mwenye mali na anunue Barolo, asiaibike. Muda wa miezi 38 una haki ya kulipwa. Lakini mtu wa fedha chache asiinamishe kichwa anapochukua ile ya pili. Aisome karatasi yake, autafute mji na jina la watengenezaji, kisha ailipe bei yake kwa moyo mweupe. Hajanunua Barolo ya maskini. Amenunua kazi ya watu waliokataa kuuza jioni.